Kaka wa Koplo Vasko

Sajini Royce Tackett alikuwa amebakiza miezi kumi na moja kutimiza miaka ishirini jeshini siku Koplo Emmett Vasko alipomfuata kwenye gereji ya kombania na kumwomba ruhusa ya wiki moja. Ilikuwa Februari mwaka 2009. Walikuwa wamerudi Georgia kutoka Afghanistan miezi mitano tu iliyopita, na wiki iliyofuata kombania nzima ilitakiwa kwenda porini kwa mazoezi. Ruhusa kwa wakati kama huo ilikuwa sawa na kumwomba mtu akuvulie viatu vyake mvuani.

Lakini Vasko hakuwa mtu wa kuomba-omba. Alikuwa tabibu wa kikosi, na askari wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Dokta. Kule Afghanistan alikuwa amekaa dakika arobaini ndani ya mtaro, kidole chake kikiziba mshipa wa shingo ya kijana mmoja aliyeitwa Dewberry, mpaka helikopta ikafika. Tangu siku hiyo hakuna aliyemnyima Dokta kitu.

Tackett alimuuliza ni nani mgonjwa. Vasko akatazama mafuta yaliyomwagika sakafuni.

"Mtu ninayeishi naye, Afande. Lori la magogo limemgonga jana. Yuko hospitali, huko Dothan, Alabama."

"Mtu wa kupanga naye nyumba hakupatii ruhusa ya wiki, Dokta. Hata akifa."

"Si mtu wa kupanga naye."

Tackett aliinua mkono kumzuia. Sheria ya wakati ule kuhusu mashoga ilijulikana kwa kila askari: mkubwa asiulize, na askari asiseme. Aliyesema alifukuzwa, na mkubwa aliyesikia alipaswa kupeleka habari juu. Miaka yote aliyofanya kazi na Vasko, Tackett alikuwa akijua bila kujua, kama mtu anavyojua kuna nyoka chini ya nyumba na anaamua kutochungulia. Alikuwa shemasi katika kanisa lake la Kibaptisti. Alikuwa na maoni yake kuhusu watu wa namna hiyo, na maoni hayo alikuwa amerithi kwa baba yake, kama alivyorithi bunduki ya kuwindia. Ila hakuwahi kuyaweka maoni hayo karibu na sura ya Vasko.

"Usinimalizie," alisema.

Vasko akamalizia. "Ni mwenzangu. Tuna miaka sita. Hajitambui tangu jana."

Tackett alifunga boneti ya gari polepole, akajifuta mikono kwa kitambaa. Akamuuliza Vasko kama ana kaka. Vasko akasema hana, wala dada.

"Sasa unaye," Tackett alisema. "Andika kaka. Mengine niachie mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kapteni Halvorsen, kamanda wa kombania, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye moyo mwema na haraka nyingi, alisaini fomu bila kuisoma mara mbili, na jioni ile ile Vasko akaondoka.

Jambo lenyewe lingeishia hapo kama watu wangekuwa wabaya. Kilicholiharibu ni wema. Wake wa kombania walikuwa na desturi yao: nyumba ikipatwa na msiba au ugonjwa, wanachanga. Mke wa kapteni alipopata habari kwamba kaka yake Dokta yuko mahututi, alizunguka nyumba kwa nyumba, na Verna, mke wa Tackett, ndiye aliyekwenda dukani kuchagua maua. Akachagua ya manjano, akaandika kadi kwa mwandiko wake mzuri: "Kwa kaka wa Dokta wetu. Tunakuombea." Tackett alimwona akiiandika mezani jikoni. Angesema nini?

Baada ya wiki tatu Vasko alikuwa amesharudi kazini, amekonda, na mgonjwa wake amepata fahamu ingawa nyonga ilikuwa imevunjika vibaya. Ndipo ikaja barua ya shukrani kutoka Dothan, imeandikwa na mama wa mgonjwa, Bi. Ledbetter, ajuza wa miaka sabini na kitu. Karani wa kombania aliifungua, akaona ni shukrani, na kwa kuwa shukrani zote hubandikwa ubaoni, akaibandika bila kuisoma mpaka mwisho.

Barua ilisema hivi: "Asanteni sana kwa maua. Nadhani mmechanganya kidogo, maana Curtis ni mwanangu wa pekee, Mungu hakunipa mwingine. Ila Emmett wenu amelala kwenye kiti kando yake siku saba, na sijui kama kuna mke ambaye angemtunza zaidi. Mmelea kijana mwema."

Kufikia saa sita mchana kombania nzima ilikuwa imeisoma. Wengine walicheka. Wengine walipita ubaoni kimya, kama watu wanaopita kando ya ajali. Dewberry ndiye aliyeing'oa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Siku ya pili Kapteni Halvorsen alimwita Tackett ofisini. Mwanasheria wa jeshi alikuwa ameketi pembeni na faili magotini. Kapteni alionekana hakulala. Alisema kwamba angeiona barua ile yeye kwanza angeitia mfukoni na kusahau, lakini ilikuwa imekaa ukutani asubuhi nzima, na tayari mtu alikuwa amewapigia simu wakubwa wa juu. Mikono yake imefungwa.

Kisha mwanasheria akauliza maswali mawili. La kwanza: je, Koplo Vasko amewahi kumwambia Sajini kwamba yeye ni shoga? Tackett aliwaza miezi kumi iliyobaki, pensheni, bima ya matibabu ya Verna ambaye sukari yake ilikuwa inapanda na kushuka. Aliwaza pia kwamba kusema uongo ni dhambi, na kwa dakika moja akajidanganya kwamba hiyo ndiyo sababu.

"Ndiyo," alisema. "Aliniambia."

La pili: Sajini anajua ni nani aliyemshauri aandike kwamba mgonjwa ni kaka yake?

"Hapana," Tackett alisema. "Sijui."

Wakamletea karatasi, akasaini. Kalamu ilikuwa nzuri, ya kapteni mwenyewe, na iliteleza.

Vasko naye alihojiwa. Tackett aliyaona majibu yake baadaye kwenye faili, maana sajini wa kombania huona kila faili. Alipoulizwa kuhusu uongo wa kaka, Vasko alikuwa amejibu kwamba wazo lilikuwa lake mwenyewe, na hakuna mwingine aliyehusika. Tackett alisoma mstari huo akiwa amesimama. Akarudia kuusoma, kisha akairudisha faili kabatini na kwenda kukagua bunduki.

Mwezi wa Mei Vasko aliondolewa jeshini. Alikuwa amepewa saa moja kurudisha vifaa. Dewberry alimbebea begi hadi getini, akiwa amevaa sare kamili ya gwaride ingawa hakuna aliyemwagiza. Vasko alipompita Tackett mlangoni pa ghala, alisimama. Tackett akajikaza kupokea chochote, hata mate. Lakini Vasko alizungumza kazi tu.

"Mabegi ya dawa nimeyapanga, Afande. Dawa za maumivu ziko kwenye lile la kijani. Ufunguo anao mtunza ghala."

Akaenda zake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho Tackett aliyoyasikia kwake kwa zaidi ya mwaka.

Nyumbani Verna aliuliza kilichotokea, na Tackett akamwambia kwamba yule Dokta amegundulika. Verna aliendelea kukata viazi. Alisema Biblia inasema inavyosema, na labda ni heri amekwenda, lakini yeye alimpenda yule kijana na haoni haya kusema. Tackett alikwenda bafuni akafungua maji na kukaa ukingoni mwa beseni.

Akatimiza miaka ishirini. Angeweza kustaafu, ila walimwahidi cheo kingine akibaki, akabaki. Kanisani aliendelea kugawa sahani ya sadaka. Usingizi wake ukawa wa vipande. Verna alidhani ni vita, na kila mtu akimuuliza alikubali kwamba ni vita, kwa sababu jibu hilo halina swali la pili.

Julai mwaka 2010 serikali ilikuwa inafikiria kuifuta ile sheria, na kabla ya kuifuta ilitaka kujua askari wenyewe wanasemaje. Fomu zilitumwa kwa maelfu yao. Je, umewahi kufanya kazi na mtu uliyeamini ni shoga? Kazi iliathirika vipi? Utafanyaje ukipangwa naye hema moja, bafu moja? Tackett alijaza jina la kambi, akajaza umri, akafika kwenye swali la kwanza na kuiacha fomu hapo siku tisa.

Kisha akaja kanali kutoka makao makuu kufanya mkutano na kombania. Walikaa kwenye ukumbi wa sinema wa kambi, askari kama arobaini, na kipoza hewa kilikuwa kimekufa. Kanali aliwaambia wawe huru, hakuna atakayeandika jina la mtu. Mwanzoni wakajibaraguza. Kisha askari mmoja aliyeitwa Stoltz, mpana kama mlango, akasimama.

"Mimi siogi na shoga, Afande. Jeshi linipe bafu langu."

"Wewe huogi na mtu yeyote, Stoltz," sauti ikatoka nyuma. "Sisi tunaolala jirani yako tunajua."

Ukumbi ukacheka, hata kanali. Hapo ndimi zikalegea. Mmoja akasema yeye hana neno na mtu, mradi asiletewe mambo hayo kitandani kwake. Mwingine akamuuliza ni nani aliyemdanganya kwamba anatamanika. Wa tatu, kijana mpole wa Texas, akasema hakulelewa hivyo, na jeshi lisimlazimishe aite kizuri kile ambacho mama yake alimfundisha ni kibaya. Alisema bila chuki, na Tackett alijiona mwenyewe katika kijana yule, akatazama chini.

Dewberry akasimama. Kovu lake lilianzia chini ya sikio na kuingia ndani ya kola.

"Wote mnamkumbuka Dokta Vasko," alisema. "Stoltz, hata wewe alikutibu fangasi. Mimi alinishika shingo dakika arobaini, watu wakitupiga risasi. Sikumuuliza analala na nani. Nilimuuliza kama nakufa. Akaniambia, 'Leo sina nafasi ya kuandika ripoti ya kifo, kwa hiyo tulia.'" Akagusa kovu. "Mimi niko hapa. Yeye hayupo. Sina zaidi."

Akaketi. Kanali akageukia safu ya mbele, walikoketi masajini, akauliza kama wao wana la kuongeza. Tackett hakuwa amepanga kusimama. Baadaye alimwambia Verna kwamba miguu ndiyo iliyosimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia Vasko aseme ni kaka yake," alisema. "Alinijia na shida yake, nami nikampa uongo wa kutumia. Ulipogundulika nikasema siujui. Nikasaini. Yeye aliulizwa, akanificha."

Kanali alikohoa. "Sajini, hapa hatuandiki majina wala mashauri ya nyuma."

"Andika tu, Afande. Ni Tackett, mwishoni t mbili."

Tackett hakujisikia mwepesi, kama wahubiri wanavyoahidi. Alijisikia kama mtu aliyevua shati mbele za watu na sasa hajui aliweka wapi.

Matokeo hayakuchelewa. Halvorsen, ambaye sasa alikuwa meja, alimwita na kumuuliza kama anaelewa kwamba kusaini uongo chini ya kiapo ni kosa la kushtakiwa. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira mlikuwa na kitu kingine, maana naye alikuwa amesaini zile karatasi za kumfukuza Vasko. Mwisho wakamwandikia Tackett barua ya onyo, cheo alichoahidiwa kikayeyuka, na akashauriwa astaafu ifikapo Oktoba. Kombaniani wengine walimkwepa kwa kuwa alimsaliti Dokta, na wengine kwa kuwa alimtetea. Mezani alikula peke yake.

Verna ndiye aliyemuumiza kuliko wote, kwa sababu hakupiga kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mezani.

"Uliniona nikiandika ile kadi," alisema.

"Nilikuona."

"Ukaniacha niende nikachague maua." Akatikisa kichwa. "Mimi na wale akina mama tumejiona wajinga mwaka mzima, Royce. Tulidhani sisi ndio tuliomharibia. Na wewe ulikuwa unakula chakula changu na unajua."

Siku mbili hawakusemezana. Siku ya tatu akamwekea chakula cha safari kwenye mfuko, mkate na nyama baridi, akamwambia aende Dothan.

Alimkuta Vasko kwenye zahanati ya mifugo, ndiko alikopata kazi, amemkumbatia mbwa mkubwa wakati daktari akimshona sikio. Vasko alimwona kupitia kioo. Hakushtuka wala kutabasamu. Alimaliza na yule mbwa, akanawa mikono muda mrefu, akatoka nje kwenye jua kali la Alabama. Nywele zake zilikuwa zimerefuka.

Tackett alikuwa ametunga maneno njia nzima, ila yakamponyoka. Alisema tu kwamba amesimama mbele ya kombania na kusema ukweli.

"Nilisikia. Dewberry alinipigia." Vasko aliegemea ukuta. "Unajua kwa nini sikukutaja?"

"Nimejiuliza kila siku."

"Nilidhani utajitaja mwenyewe. Nilikupa siku moja. Nikasema, ana mke mgonjwa, nimpe wiki. Halafu nikawa narudisha vifaa ghalani na wewe umesimama pale mlangoni, na bado nilikuwa nasubiri." Alisema bila kupandisha sauti. "Wewe ulisema mbele ya watu arobaini, mwaka mmoja baadaye. Mimi nilikuwa chumbani na watu watatu wananiuliza mambo ya kitandani kwangu, na nilikuwa peke yangu."

Tackett alisema anaomba msamaha. Vasko akamjibu kwamba msamaha hana, labda utakuja, labda hautakuja, yeye hauzuii wala hauiti. Lakini vitu viwili anavitaka. Cha kwanza, ukweli ule uandikwe kwa kiapo na usainiwe, maana kwenye karatasi zake za kuondoka, mbali na lile la kuwa shoga, wamemwandika pia kuwa amemdanganya kamanda wake, na doa hilo limemnyima kazi ya gari la wagonjwa mara mbili. Cha pili, aende nyumba ile nyeupe nyuma ya zahanati.

"Bi. Ledbetter anaishi pale," alisema. "Ameacha kuandika barua kabisa, hata za Krismasi. Curtis na mimi tumemwambia mara mia si kosa lake. Hasikii. Labda atamsikia mwenye kosa."

Tackett aliogopa mlango ule kuliko milango aliyowahi kuivunja vitani. Ajuza alimkaribisha barazani na chai baridi yenye sukari nyingi, akidhani ni rafiki wa Emmett. Kupitia wavu wa dirisha Tackett alimwona mtu mwembamba akipita ndani na fimbo ya kutembelea. Alijua ni Curtis, na Curtis hakutoka. Tackett akaeleza yote, tangu gereji hadi saini. Alipofika kwenye habari ya barua, mama yule aliacha kukoroga chai yake.

"Kwa hiyo uongo ulikuwa wako," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama. Wewe ulisema kweli tu."

"Kweli yangu ndiyo iliyowapa kamba." Alitazama barabarani muda mrefu. "Ulikuwa umekusudia mema, siku ile ya kwanza?"

"Siku ile ya kwanza, ndiyo."

"Na ya pili?"

Tackett aliitazama glasi yake. Mama akainuka, akachukua glasi ya Tackett ingawa alikuwa hajaimaliza, akamwambia njia ya kurudi barabara kuu ni kushoto.

Karatasi aliiandika wiki ile ile, akaisaini mbele ya wakili na kuipeleka kwa posta. Oktoba akavua sare. Desemba sheria ikafutwa kwa maandishi, na Septemba mwaka uliofuata ikafa kweli. Waliofukuzwa wakaambiwa wanaweza kuomba kurudi kama mtu yeyote mwingine, bila kuhesabiwa walichopoteza. Tackett wakati huo alikuwa akiendesha basi la shule, na alikuwa amejiuzulu ushemasi kabla hajaombwa.

Simu ya Vasko ilikuja siku moja asubuhi mwezi wa Novemba. Alisema ile karatasi imesaidia, doa la uongo limefutwa. Jeshi limempokea tena kama tabibu, ila cheo wamekishusha na anapelekwa mbali, jimbo la Washington. Curtis hajafurahi hata kidogo, anasema haoni kwa nini mtu arudi kwa waliomtupa, lakini anafunga mizigo.

"Na kwa nini unarudi kwao?" Tackett aliuliza.

"Kazi yangu iko kule," Vasko alisema. "Haikuwa yao waninyang'anye."

Tackett akamuuliza kama anaweza kumwandikia, mara moja moja.

"Usiandike bado," Vasko alisema, akaaga kwa heshima, akakata.

Verna alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Akauliza amesemaje. Tackett akamwambia. Verna alisema "bado" si "hapana", na mtu mwenye "hapana" huisema. Tackett alitamani kuamini hivyo. Aliangalia saa, akaona watoto wa zamu ya pili wanasubiri, akachukua funguo za basi.